Kikombe cha Mshikamano

Jumatatu, 3 Machi

Geti limefungwa. Wagonjwa kumi na wawili, wote wanahara na kutapika, na bweni zima linanuka dawa ya kuua vijidudu. Muuguzi wa kiwanda ametundika ubao getini na kuandika kwa chaki: SIFURI. Kila siku itakayopita bila mgonjwa mpya, tarakimu itapanda. Ikifika tano, geti litafunguliwa. Mpaka hapo sisi watengeneza maboksi, watu sitini, tutakula, tutalala na kufanya kazi ndani ya ukuta huu huu.

Mimi sikuzaliwa kwa ajili ya maboksi. Nimo humu kwa sababu chuo kikuu kimenisimamisha mwaka mzima, baada ya kuongoza mgomo wa kudai taa za maktaba. (Taa zilikuwa zimetengenezwa siku mbili kabla. Hakuna aliyenijulisha!) Naona historia imenifuata hadi hapa.

Jioni tukachagua mwenyekiti wa kamati ya afya. Mpishi wetu, mama ambaye huongea kana kwamba maneno yanauzwa, kapata kura arobaini na moja. Mimi mbili. Moja ni yangu. Ya pili ni ya Gundi, mzee wa mashine ya gundi, mwenzangu wa kitanda: yeye hukilalia mchana, mimi usiku. Nikamshukuru kwa moyo wote. Akasema alikuwa anajikuna kwapa.

Jumatano, 5 Machi

Ubao: mbili.

Nimemaliza waraka wa kurasa kumi na nne. Dai kuu: kila mfanyakazi kitanda chake! Vitanda thelathini, watu sitini, shuka halipati hata nafasi ya kupoa. Nimempelekea muuguzi. Ameuweka chini ya chupa ya dawa iliyokuwa ikivuja.

Yeye katoa amri mpya. Kila mtu na kikombe chake, kila kikombe na uzi wa rangi yake kwenye kishikio. Mimi nimepewa zambarau. Sikuulizwa.

Gundi hana habari na waraka. Anaozesha binti yake wa pekee Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Suti imetundikwa juu ya kitanda chetu ndani ya mfuko wa nailoni, na kila nikigeuka inanipiga usoni. Safari ni ya siku nzima, hivyo lazima atoke Ijumaa alfajiri, asichelewe zaidi ya hapo. Anahesabu kwa vidole. Vinatosha, asema, na vingine vinabaki.

Alhamisi, 6 Machi

Ubao: tatu.

Siku kubwa! Nimeitisha mkutano chumba cha chakula. Waliokuja ni kumi na wanane, ingawa wanne walidhani ni foleni ya uji. Nikapanda juu ya benchi. Nikauliza: ni nani anayenufaika pale ndugu anapoogopa kikombe cha ndugu? Nikasema nyuzi hizi si nyuzi, bali ni mipaka, na mipaka huanza kwenye kikombe kabla haijafika kwenye ramani. Makofi. Mmoja akapaza sauti, "Sema, Mheshimiwa, uji bado haujaiva!"

Kisha tukala kiapo cha umoja. Kikombe kimoja, watu kumi na wanane, kila mmoja funda moja. Mimi nilitangulia, kama ipasavyo kiongozi. Gundi hakuwepo, alikuwa amelala. Mpishi nilimkaribisha kwa heshima zote. Akaangalia kikombe, akaniangalia mimi. "Mwanangu, mimi kiu sina." Akarudi jikoni.

Wivu wa madaraka.

Jumamosi, 8 Machi

Muuguzi alikuwa ameshika chaki mkononi aandike tano. Watu wamejipanga getini na mabegi. Hapo ndipo wa kwanza alipokimbilia chooni, na wa pili akamfuata kabla mlango haujafungwa. Kufikia saa nne wako saba. Wote ni wa kiapo.

Ubao: sifuri.

Mimi ni mzima kabisa. Nilikunywa wa kwanza, kikombe kikiwa bado safi. Hilo sijalitaja mbele ya watu.

Gundi hakunikemea, na ingekuwa afadhali angenikemea. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akahesabu upya. Siku tano kutoka leo ni Alhamisi. Ijumaa alfajiri atawahi. Safari hii, akasema, vidole havibaki.

Jumatatu, 10 Machi

Ubao: mbili.

Fedheha. Menejimenti imekubali vitanda. Kesho vinaletwa vya turubai thelathini, na ghala tupu litakuwa chumba cha kulala. Nikadhani waraka wangu umewatikisa. La! Muuguzi aliandika barua yake mwenyewe wiki iliyopita. Nusu ukurasa. Nimeisoma: haina hata nukuu moja. Inasema watu wawili kitanda kimoja wataambukizana, na mtu akiugua hatengenezi maboksi. Basi. Kwa mambo kama haya mtu anasomea nini miaka mitatu?

Nikamwendea na hoja. Nikamweleza kwamba kiwanda kina zamu mbili, ya mchana na ya usiku, hivyo kila siku moja ni siku mbili za kazi, na ubao ulistahili kusoma nne. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama nimenawa mikono.

Adhuhuri nikaingia chumba cha waliotengwa, kupitia dirishani, kuwapa moyo wale saba. Nilimshika kila mmoja mkono, kwa mikono yangu yote miwili. Hawakuwa na nguvu za kukataa.

Jumatano, 12 Machi

Ubao: nne.

Tumbo. Tangu alfajiri linanguruma kama mashine ya kukata karatasi. Bahati nzuri kitanda changu kipya kimewekwa mlangoni mwa choo. Nilipolalamikia jambo hilo jana nilikuwa sijaona mbali.

Sisemi kitu. Nikisema, ubao unarudi sifuri na Gundi anakosa harusi ya mwanawe. Kunyamaza kwangu ni kafara! Mara ya sita nilimkuta karani wa ghala kwenye foleni, akaniuliza, "Vipi tena, Mheshimiwa, umehamia huku?" Nikamjibu nafanya mazoezi ya kutembea. Mara ya tisa nilimkuta Gundi, amesimama na mswaki mdomoni. Akaniangalia tumbo, akanipisha.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa nimelala, chumba cha waliotengwa.

Asubuhi muuguzi alikuwa getini na chaki. Begi la Gundi lilikuwa tayari, suti juu yake. Akaja kitandani kwangu, akanigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. "Twende, mwanangu."

Nikamwambia atakosa harusi. Akasema anajua. Nikamwambia hakuna anayejua zaidi yetu wawili, na geti litafunguliwa dakika chache zijazo. Akasema mimi na yeye tumelalia shuka moja mpaka juzi. Kule kwao kuna watoto wadogo, kuna mama yake wa miaka themanini na tatu, na wageni wote watachota maji pipa moja. Hawezi kuoza binti Jumamosi na kuzika mama Jumatano.

Nilikuwa na majibu matatu. Miguu ilikataa kusimama, nikayahifadhi. Alinikokota mpaka kwa muuguzi, akiwa amenishika kiuno, na watu hamsini wakitutazama na mabegi yao.

Ubao: sifuri. Gundi alifuta ile nne mwenyewe, kwa kiganja.

Jumamosi, 15 Machi

Ubao: mbili.

Mpishi kaomba, na menejimenti ikaruhusu, simu ya Gundi iunganishwe na kile kipaza sauti cha kuitia zamu. Uani watu walisimama hatua mbili mbili, kila mmoja na kikombe chake. Gundi kavaa suti. Ule mfuko wa nailoni kaukunja vizuri, kautia mfukoni.

Ikasikika sauti ya msichana, na kelele za watu nyuma yake. "Baba, unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Nenda salama. Baba amekuridhia."

Mpishi alishika aproni usoni muda mrefu. Mimi nilisikilizia dirishani. Hotuba haikuwa na utangulizi, wala hoja kuu, wala hitimisho. Macho yangu yalitaka kulia, ila mwilini hamkuwa na maji ya kutosha.

Baadaye blanketi la Gundi likapitishwa dirishani. Alisikia nalala natetemeka.

Jumatatu, 17 Machi

Ubao: nne! Nimeruhusiwa kutoka chumbani. Muuguzi kanikabidhi sabuni na onyo: kwa siku mbili nisiguse chombo cha mtu. Nikamshukuru kwa maneno mengi.

Kesho geti litafunguliwa. Maharusi wanahamia mbali keshokutwa, anakofanya kazi bwana harusi, na Gundi akiondoka mara tu likifunguliwa atawahi kumshika binti yake mkono kabla hawajaondoka. Begi liko tayari tena. Leo kahesabu kwa kidole kimoja tu.

Siku nne kitandani nimefanya tathmini kali ya nafsi yangu, bila kujihurumia. Kosa nimelibaini. Kikombe kilikuwa kidogo. Ilibidi kijazwe mara tatu, na umma ukapoa kabla sijafika sehemu ya pili ya hotuba.

Leo, zamu ya mchana ikitoka, tunamuaga Gundi kwa heshima anayostahili. Yeye mwenyewe hajui. Thelathini na mmoja wameahidi kuja. Nimechukua jagi kubwa la jikoni bila kumsumbua mpishi, nikalijaza mpaka juu, na ili nisiwakosee wenzangu nimekwisha kuyaonja maji mwenyewe, kwa kutia mdomo pale pale ukingoni.

Ni matamu.