Kitu Cheupe Nje ya Dirisha la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Msemaji Mkuu wa kituo cha anga anastaafu mwisho wa mwezi. Leo ametuaga kikaoni. Alitokwa na machozi, watu wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa nakitazama kiti chake. Cha ngozi, kina magurudumu. Miaka yote nimekuwa msemaji msaidizi, maana yake nabeba vipaza sauti na kuzima taa watu wakishaondoka. Sasa basi.

Bahati imekuja mchana huohuo. Wanaanga wetu watatu wameripoti kuona vitu vya ajabu nje ya chombo. Vidude vidogo vinavyong'aa, vingi kama cheche, hutokea jua linapochomoza kisha hupotea. Aliyeripoti ni shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu. Waandishi wa habari wakajaa getini. Msemaji Mkuu bado alikuwa anafuta machozi. Nikajitolea.

Nimewaambia ni barafu. Maji machafu ya chombo humwagwa nje, huganda hapohapo, jua likiyapiga yanameta. Mkojo pia. Wamecheka, wameandika. Na ni kweli tupu, wahandisi wenyewe walikuwa wamenithibitishia. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumanne, 4 Machi

Gazeti limenitoa ukurasa wa mbele. Televisheni ikaomba maelezo kwa vitendo. Nimeazima barafu jikoni, sinia zima, na taa kubwa ya studio iwe ndiyo jua. Nilipanga kurusha vipande hewani vimetemete.

Taa ilikuwa ya moto kuliko nilivyodhani. Barafu ikayeyuka nikiwa bado kwenye utangulizi. Maji yakashuka mezani, yakaingia kwenye soketi. Umeme ukakatika jengo zima. Mkurugenzi alikuwa ndani ya lifti.

Wenzangu wameanza kuniita Bwana Barafu. Nimelipokea kama cheo.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji ameripoti kitu kingine. Hiki ni kimoja tu. Cheupe, bapa, kikubwa kama mto wa kulalia, kinajigeuza taratibu. Kimekaa karibu na dirisha lake muda mrefu, kisha kikazama upande wa giza.

Kikaoni, mhandisi wa ganda la nje la chombo akataka ukaguzi ufanyike. Tunamwita Bisibisi, kwa kuwa huchomeka bisibisi kwenye nywele zake kama wengine wanavyochomeka kalamu. Hanipendi. Nikapiga hesabu. Ukaguzi ukifanyika, Bisibisi ndiye atakayezungumza na waandishi. Na mimi asubuhi nilikuwa nimeshawaambia kuwa ni pande kubwa la barafu.

Mkurugenzi alikuwa na haraka. Akauliza kama jambo hilo limeshapatiwa maelezo. Nikasema limeshapatiwa. Akasema basi lifungwe. Bisibisi akanitazama, akauliza kama nimeiona picha. Nikamjibu kwamba barafu haihitaji picha.

Jioni mama mkwe naye akauliza. Amehamia kwetu tangu binti yake aruke. Analala sebuleni, chini, karibu na redio, na usingizi wake ni wa kuazima. Nikamwambia ni barafu, mama, haina madhara. Akashika kifua, akashusha pumzi. Kabla hatujamaliza kutoa vyombo mezani alikuwa amelala fofofo. Mke wangu akamfunika shuka, akaniambia asante. Nimekaa kwenye kiti nikiwatazama. Nimejiona mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo ilikuwa zamu ya familia yetu kuzungumza na chombo. Chumba kidogo, skrini moja, viti vya plastiki. Mama mkwe alivaa gauni lake la kutokea. Shemeji akatokea, nywele zimesimama pande zote. Mama akamwambia achane nywele. Wakacheka mpaka mama akalazimika kutoka kwenda kunawa uso.

Hapo Shemeji akaacha kucheka. Akasema, “Shemeji, kile kitu kina mishono.”

Nikamwomba arudie. Akarudia. Kimepita tena dirishani, kimegeuka, ameona uzi unaning'inia. Ni kitambaa. Na huko juu hakuna mwenye kitambaa ila wao: chombo kimevishwa kitambaa kinene cha kukinga joto, kimeshonwa kama godoro. Kipande kimebanduka, hawajui wapi. Amewaambia waongozaji wa chombo huku chini, wakamjibu kwamba suala limefungwa, msemaji ameshalieleza.

“Aliyelieleza ni wewe,” akasema. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. “Lifungue, shemeji. Tukishuka tukiwa na tundu, tutaungua. Na mama asijue.”

Nikageuka. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono kwenye kitasa.

 Tulipomfikisha mama nyumbani, mke wangu akaniuliza nitasema lini. Nikasema sasa hivi. Nikageuza gari, nikarudi kazini.

Nikakaa ofisini. Nikisema ni kitambaa, barafu imekwisha. Barafu ikiisha, kiti kimekwenda. Lazima iwepo njia ya kumwokoa Shemeji bila mimi kuzama. Nikaipata. Nikafunika simu kwa leso, nikampigia Bisibisi, nikajifanya mzee wa mji wa mbali mwenye darubini juu ya paa. Nikakohoa vizuri kabisa. Nikamwambia nimeona kitambaa angani, tena chenye mishono.

Bisibisi akasikiliza mpaka mwisho. Akanishukuru. Kisha akaniomba, nikishamaliza na darubini, nirudishe sinia la barafu jikoni, mpishi analiulizia tangu Jumanne.

Baada ya muda mfupi akaingia ofisini kwangu. Nilitarajia kejeli. Hakukejeli. Akasema yeye alikuwa na shaka tangu mwanzo, lakini shaka yake na mzee wa darubini haviwezi kufungua kilichofungwa kikaoni. Atakayefungua ni aliyefunga. Akaniomba twende kwa Mkurugenzi pamoja, atazungumza yeye, mimi nitikise kichwa tu.

Nikamwambia Jumatatu. Mkurugenzi hapendi kusumbuliwa Ijumaa jioni.

Akaondoka.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu alikuwa ameshamwambia mama yake. Nimeamka nimekuta godoro limekunjwa, redio imezimwa, mama mkwe yuko mlangoni na viatu miguuni. Anakwenda kituoni. Atakaa getini mpaka apatikane mtu wa kumweleza. Nikamwambia ni mbali, mama. Akasema hajauliza umbali.

Nimempeleka. Ningefanyaje.

Mkurugenzi alikuwepo, kwa balaa langu. Bisibisi pia, macho mekundu, picha zimetapakaa mezani kwake. Alikuwa amekwenda kwa Mkurugenzi tangu jana bila mimi. Akajibiwa kwamba msemaji hajabadilisha maelezo yake.

Mama mkwe hakukaa alipokaribishwa. Akasema: “Huyu mkwe wangu aliniambia ni barafu, nikalala. Namshukuru, nilikuwa nimechoka. Sasa namtafuta wa kuniambia nisilale.”

 Mkurugenzi akanigeukia, akauliza kama bado ni barafu.

Nilikuwa na sentensi nzuri tayari, kuhusu maelezo ya awali na maelezo ya mwendelezo. Nikamtazama mama mkwe. Gauni lilikuwa lilelile la jana.  Nikasema siyo barafu. Nikaongeza kwamba kwa sehemu fulani bado ni barafu, lakini Mkurugenzi alikuwa ameshashika simu.

Jumapili, 9 Machi

Wamepitisha kamera kwenye mkono mrefu wa chombo. Tundu lipo. Upande wa tumbo, pale ambapo joto hupiga zaidi wakati wa kushuka. Kipande kimeng'oka na mishono yake, kingo zake zinapepea. Bisibisi akasema kwa sauti ndogo kwamba wangeshuka hivyo tusingepata hata cha kuzika. Alikuwa anajisemea mwenyewe. Nimesikia mimi tu.

Shemeji ndiye aliyetoka nje kuziba. Bisibisi alimwelekeza hatua kwa hatua, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Sisi tulikaa nyuma ya kioo. Mke wangu aligeukia ukuta. Mama mkwe alishika mkono, na mkono aliokuta ni wangu. Kwenye skrini ilionekana glavu nyeupe ikibonyeza kingo, polepole, huku dunia nzima ikipita chini yake. Hakuna aliyeniuliza chochote. Sikuwa na maelezo yoyote.

Alipofunga mlango na kuwa ndani, mama mkwe aliachia. Kucha zake zimeacha alama. Ndipo nilipogundua kwamba muda wote ule sikukifikiria kile kiti.

Halafu nikakifikiria.

Alhamisi, 20 Machi

Wameshuka salama. Shemeji hawezi kusimama vizuri bado, miguu imesahau kazi. Aliniegemea begani kutoka kwenye gari mpaka sebuleni. Akanishukuru kwa kufikisha ujumbe haraka. Nikasema ni wajibu. Mke wangu alikuwa anamimina chai. Akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika.

Mama mkwe amelala kitandani leo, na binti yake pembeni. Redio ameirudisha chumbani kwangu.

Jumatatu, 31 Machi

Msemaji Mkuu mpya ametangazwa. Ametoka nje ya kituo, kijana mpole, husema “sijui” mbele ya kamera bila aibu yoyote. Watu wanampenda. Mimi nimehamishiwa mapokezi ya wageni. Dawati langu liko kati ya choo na mfano wa roketi. Bisibisi amepita, amenisalimia vizuri tu. Amesema wanafunzi watanifurahia.

Mchana simu imeita. Redio, kituo kikubwa. Wanaanga wa nchi nyingine wameona mwanga wa kijani chini yao, mahali pasipo na mji. Msemaji amewajibu kwamba bado anachunguza. Wao kipindi kinaanza sasa hivi. Wakauliza kama hapo mapokezi yupo mtu yeyote anayeweza kueleza.

Nikafunga mlango wa choo, unapiga kelele. Nikasafisha koo. Nikawaambia ni jambo la kawaida sana, nitalieleza kwa lugha nyepesi.

Mtangazaji akaniuliza nina uhakika kiasi gani.

Nikamuuliza kipindi chake kina wasikilizaji wangapi.