Galaksi Bila Chunusi

Jumatatu, 4 Machi

Namshukuru Mungu! Mhadhiri wa mambo ya nyota kaniletea studio picha za galaksi jirani, nizichape kubwa kwa maonyesho ya chuo. Zikimpendeza, kazi zote za chuo ni zangu. Zisipompendeza, zinakwenda kwa Flashi, mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, mwenye meno mengi kuliko wateja. Ee Mola, lisitokee!

Nimezitazama kwenye kompyuta. Zimejizungusha kama maji yaliyokorogwa. Nzuri. Ila zimejaa chunusi! Za buluu, za waridi. Majirani gani hawa, hawanawi uso?

Jumanne, 5 Machi

Chunusi zote nimefuta. Hakuna bibi harusi aliyewahi kutoka kwangu na kipele, sembuse galaksi. Sasa laini kama shavu la mtoto. Mama watoto kaniuliza nani kanituma kukipaka poda kiumbe cha Mungu. Nikamwambia biashara ni kumzidi mwenzio. Akaguna. Guno lake silipendi.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Mhadhiri kaziona, kakaa sakafuni na kiti kipo. Kumbe zile chunusi ndiyo maonyesho yenyewe! Ni mabonge ya gesi yanayozaa nyota. Akaniambia, baba yangu, umefuta wodi nzima ya wazazi! Nikauliza, kwa adabu, wakishazaliwa wanakwenda wapi. Akasema bonge likiwa changa hung'aa buluu, likizeeka nyota zake hutawanyika. Mengine pengine huzama kuelekea katikati, wataalamu bado wanabishana. Nikaitikia kwa kichwa. Wenyewe wanabishana, mimi nielewe nini?

Kanipa hadi kesho jioni. La sivyo, Flashi. Naye alikuwa mlangoni kwake, akanipungia mkono kwa upole. Mnafiki!

Ijumaa, 8 Machi

Nimesali, nimetulia. Picha za awali zipo, kila bonge limerudi mahali pake. Nilikuwa nabonyeza kuchapa, wazo likanijia, bila shaka kutoka juu. Ikiwa mabonge ndiyo anayoyapenda mhadhiri, mbona upande wa kushoto wa picha mtupu? Flashi angeuacha hivyo hivyo, mvivu yule! Mimi nimeujaza. Buluu tupu, machanga yote, manono. Mama watoto akaguna. Nikamweleza mteja hanyimwi anachokipenda.

Nazipeleka mwenyewe sasa hivi. Nimevaa suti, maana wageni wa maonyesho wakiuliza yale ya kushoto yalizaliwaje, mwenye jibu ni mimi peke yangu.