Mlio wa Evelio na Foleni Mlangoni Kwangu

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Klabu ya Redio na Telegrafu,
Placetas.

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu. Mwandiko wangu si mzuri, niliishia darasa la tatu nikaenda kuchambua tumbaku, lakini masikio ninayo, na ndiyo yaliyonikalisha kukuandikia. Mimi ni Eduviges Pentón, mke wa Evelio, yule mwanachama wenu mrefu anayesahau kofia kila mahali.

Evelio anajitengenezea kibonyezo cha telegrafu, cha kupigia nukta na mistari. Hilo sina neno. Neno langu ni mlio. Kaniambia mwenyewe kwamba ule mlio hauendi hewani. Anaoongea nao hawausikii. Ni wake peke yake, ausikie mkono wake unavyoandika. Ndugu Mwenyekiti, mimi nasema mwaka wa sabini na moja huu tangu nizaliwe, na sijahitaji mashine ya kuniarifu kwamba ninasema! Tangu Januari ameunda mitambo saba ya kujisikia mwenyewe, kwa spika aliyoing'oa kwenye simu ya Kirusi. Malalamiko ni haya.

1. Mlio wa kwanza ulikuwa wa mbu. Nilijizaba kofi mara nne.

2. Wa pili, mbuzi mwenye mafua. Huo niliuvumilia, mimi si mkorofi.

3. Wa tatu alibadilisha kidude kimoja chenye mistari ya rangi, ukatoka mluzi wa sufuria yangu ya presha, huo huo. Nikazima moto. Nikawasha, nikazima tena. Tukala maharagwe meusi magumu kama changarawe, na jino la bandia la jirani yangu Zenaida likabaki kwenye sahani. Akaniambia, "Mwenzangu, umenialika kula au kunizika?"

5. (La nne ni la faragha, nimelifuta.) Mlio wa tano ni filimbi ya muuza mkate. Watu wakatoka na mifuko. Nikawaambia, "Hakuna mkate, ni Evelio!" Wakaulizana, "Wa mwisho nani?" Nawe unatujua: swali hilo likishajibiwa, foleni imezaliwa, na foleni haifi kwa sababu ndogo kama kukosekana kwa kitu. Adhuhuri walikuwa thelathini na wawili, wajawazito upande wao. Nikaenda kumwaga maji, kurudi nikazuiwa na mwanamke nisiyemjua: "Bibi, usijifanye mjanja, mwisho uko kule kwenye nguzo." Nikapanga foleni. Nyumbani kwangu niliingia saa kumi.

6. Muda wote huo nilikuwa naita, "Evelio! Toka uone!" Hakugeuka. Namwambia kahawa iko tayari, hageuki. Namtukania mama yake, hageuki, na zamani hilo lilimtoa hata bafuni na sabuni kichwani. Miaka hamsini na mbili nimekaa na mtu huyu, leo anajisikia yeye tu. Hili ndilo linaloniuma. Ya mbu na mbuzi nilikuwa napasha mkono moto tu kabla ya kufika hapa.

Kwa hiyo naomba klabu imwamuru avunje mitambo yote saba. Mkiona huruma, basi mafundi wenu wakae kikao waunde wa nane, wa kumfanya anisikie mimi. Na hilo likiwashinda, mchukueni Evelio mwenyewe mkamweke kwenye kabati la vipuri. Nitamletea viazi vya malanga kila Alhamisi.

Nisalimie mkeo, katibu wenu mwenye kikohozi, na wote wanaonifahamu. Wasionifahamu pia, si kosa lao.

Ni mimi, mwenye hasira na adabu zake,
Eduviges Pentón

N.B. Bahasha nilishaifunga, nimeifungua. Asubuhi hii Evelio akiwa uani nimeuendea mtambo wa saba, wenye mlio mzito wa nyuki ndani ya debe, nikaupiga ngumi ya hasira, ikaangukia kibonyezo. Ukalia. Evelio akaja mbio na jembe mkononi: "Unasemaje, Vige? Unasemaje?" Kumbe masikio yamemwisha, sauti nyembamba kama yangu haimfikii tena, mlio mzito ule ndio alioutafuta miezi yote hii. Msivunje kitu. Nileteeni karatasi ya kujifunzia nukta na mistari, yenye herufi kubwa. Mnianzie na "mjinga wewe". "Mpenzi" linaweza kungoja Jumapili.