Daktari na Mashine Tatu za Mama Randa

Daktari hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa kompyuta aliyenunua koti jeupe mtumbani, akagundua kwamba wateja wakimwona nalo hawabishanii bei. Siku hiyo alikuwa anapita nyuma ya karakana ya useremala akasikia mvumo wa feni, akazima pikipiki. Mvumo ule aliujua: mashine za kuchimba sarafu za mtandaoni, tatu, na moja ilikuwa ikikohoa.

Mwenye karakana, Mama Randa, alikuwa mjane mwenye penseli sikioni. Akiba yake yote aliitia katika mashine hizo, baada ya kusikia kwamba zinaleta pesa mtu akiwa amelala.

"Mama, huyu mgonjwa ana muda gani hivi?"

"Wiki nzima anajizima ovyo. Utamweza?"

Daktari akamulika tochi. Vumbi la mbao lilikuwa limejaa pomoni kwenye feni. Dawa yake ilikuwa brashi ya rangi, basi. Lakini brashi haijawahi kumtajirisha mtu. Akaunganisha kompyuta yake, akafungua ukurasa wa mipangilio, akaenda pale mashine inapoambiwa ijizime ikifika nyuzi joto ngapi. Palikuwa na 80. Akaandika 45 kwenye zote tatu, joto ambalo mashine hulifikia kabla hujamaliza kupiga chafya.

Zikazimika moja baada ya nyingine. Daktari akakunja mikono, akainamisha kichwa.

"Pole, mama. Wameondoka wote."

"Wote? Mbona wawili walikuwa wazima?"

"Ugonjwa huu unaambukiza. Usiwashe tena hata dakika moja, utaunguza nyumba. Mimi roho yangu laini, nitakuondolea kwa bei ya chuma chakavu."

Mama Randa akalia, na machozi yalikuwa ya kweli. Akaomba siku tatu za kuzizoea habari hizo.

Sasa, mama huyu alikuwa na tabia moja. Hakuna fundi aliyegusa kitu chake kabla yeye hajaandika vipimo vyake ukutani kwa penseli: msumeno, friji, hata saa ya ukutani. Daktari alipoondoka, alifungua ukurasa ule ule kwenye simu yake, akaulinganisha na ukuta. Simu ilisema 45. Ukuta ulisema 80. Akasoma mara mbili, kama anavyopima mara mbili kabla ya kukata, kisha akaacha kulia. Akarudisha namba, akasugua feni kwa brashi, akawasha. Zote tatu zikavuma.

Siku ya tatu Daktari alizikuta mashine zimepanguswa, zimekazwa skrubu.

"Jana kapita mnunuzi mwingine," Mama Randa alisema kwa huzuni. "Bei yake imekushinda mbali."

"Mabovu haya anayatakia nini?"

"Hata mimi namshangaa. Anasema anayapendea rangi."

Daktari akapandisha bei. Mama Randa akasikitika. Akapandisha tena. Kufika adhuhuri alikuwa ameuza pikipiki yake ili amshinde mtu ambaye hajawahi kuonwa na yeyote.

"Nikuwashie kwanza uhakikishe?"

"Hapana!" Daktari alidakia. "Nilisema zisiwashwe."

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye daktari."

Nyumbani alizichomeka kwenye umeme. Kimya. Akafungua skrubu. Ndani ya kila moja mlikuwa na vipande vitatu vya mbao ngumu, vimepigwa randa na vanishi, vikapigiliwa vyuma ili uzito utimie. Ilikuwa kazi safi sana.

Alirudi karakanani kwa miguu, mbio. Mvumo aliusikia tangu barabarani. Matumbo ya mashine yalikuwa yamekaa raha mustarehe kwenye fremu mpya za mbao, na Mama Randa akiyapangusa vumbi.

"Umeniuzia mbao!"

"Nimekuuzia maiti. Si wewe uliyezipima?"

"Naenda polisi!"

"Nenda. Waambie ulinunua mashine zilizoungua kwa bei ya pikipiki. Wakikuuliza kwa nini, waeleze polepole, wapate kuandika."

Daktari, ambaye aliwahi kumshawishi mwenye nyumba amlipe yeye kodi, alivua koti lake jeupe, akajifutia jasho. Mama Randa akamsogezea kigoda.

"Kaa upumue, mwanangu. Umetembea sana."