Jina la Bukta

Asubuhi ile redio ilisema neno jezi limetokana na jina la kisiwa, na benchi letu la kahawa, nje ya kibanda cha fundi cherehani, likachangamka. Taarifa, ambaye habari huzipata kabla hazijatokea, akatuapia kwamba watu wa kisiwa hicho walikuwa wakifuma sweta zao tu, mpira hawana habari nao, na leo wanavaliwa dunia nzima.

"Na raba?" nikamuuliza.

"Raba ni ule mpira wa soli. Hapo hakuna aliyeumiza kichwa."

Fundi wetu, tunayemwita Sentimita, akasimamisha cherehani. Yeye ana bukta aliyoibuni mwenyewe, mifuko minne yenye zipu, na roho yake yote ilikuwa kwenye jina. Alitaka iitwe Sentimita, ili hata akifa watu waendelee kumvaa.

"Kukuvaa kiunoni," akasema Taarifa.

"Popote. Bora wanitaje."

Kikwazo kilikuwa Refa, aliyekaa hapohapo akipuliza kahawa. Jumamosi alikuwa wa kwanza kuivaa uwanjani. Akatoa penalti dakika ya mwisho, mashabiki wakamtoa mbio mpaka akaruka ukuta wa shule. Bukta haikuachia hata uzi. Filimbi, kadi na simu vilifika salama.

"Sikukimbia," akasema Refa. "Nilikuwa naufuata mchezo."

"Mchezo ulibaki uwanjani, kaka," akasema Taarifa. "Wewe ulikuwa juu ya ukuta."

Tulicheka mpaka kahawa ikatutoka puani. Hatujapangusa midomo, akaingia kocha wa netiboli, mama asiye na muda wa salamu ndefu. Anataka Mbio za Refa kumi na nne, za mazoezi.

Sentimita akamweleza taratibu kwamba bukta hizo zinaitwa Sentimita. Kocha akajibu kuwa hiyo haijui. Mtaa mzima unasema Mbio za Refa, na wasichana wake wanataka hizohizo, jina liandikwe kubwa nyuma. Refa akajificha kwenye kikombe. Sentimita akatutazama mmoja mmoja, nasi tukatazama viatu vyetu. Nilimhurumia kweli, ingawa mbavu zilikuwa zinaniuma. Mwishowe akavuta daftari la oda.

"Sawa, mama. Na langu je, nilitie hata kwa ndani?"

"Litie tu, fundi. Ila liwe dogo, lisije likawawasha."