Aflah Apande Mlima wa Theluji

Jumamosi, 5 Desemba 1970

Barua ya mwanangu Aflah kutoka Beirut! Chuo kikifunga katikati ya mwezi, wenzake wanapanda mlimani kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni, naye anaomba aende. Nauli, malazi, mwalimu, kukodi mbao na viatu: riale thelathini. Baba yake, Marhoon, kasema kuanguka hata hapa Maskati kunapatikana, tena bure. Mwanamume huyu hana hamu ya maendeleo! Jirani yangu Kheiria nishamwambia kuwa Aflah anakwenda. Akajibu kuwa Suud wake keshapata meza wizarani. Na aikalie!

Jumatatu, 7 Desemba

Nimepiga hesabu. Nna riale kumi na mbili. Zamu yangu ya upatu Januari. Mwezi huu anapokea nani? Kheiria! Nikampelekea sinia la biriani, nikayasifu mapazia yake (mabaya). Akala, akashukuru, akasema pesa hizo ni za mahari ya Suud, sinia atalirudisha kesho.

Basi nipunguze matumizi. Mwalimu nimemfuta. Mtoto aliyekhitimu msahafu na udogo wake, afundishwe kuteleza? Mbao za kukodi nazo nimezifuta. Atachonga fundi Thani, msafiri wa kuzichukua hatukosi.

Jumatano, 9 Desemba

Mbao tayari. Nzuri, zimepinda mbele kama jambia. Lazima zijaribiwe! Nikajifunga nazo kwa kanga, juu ya kile kilima cha changarawe nyuma ya nyumba.

Ziliteleza. Sana. Kusimama ndiko hazikujua.

Nimevunja banda la mbuzi la Kheiria, na ubao mmoja. Akatoka mbio, akauliza kama mimi, Mama Aflah, nimekuja kuposa mbuzi. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanikanda mguu kwa manjano na chumvi, huku akinisema kila neno. Nikalia. Nikamwambia kweli: tangu tuondoke Unguja, mtoto yule hajaniomba kitu ila hiki.

Kheiria akanifunga mguu kwa kitambaa. Akasema nichukue zamu yake, mahari yatangoja Januari. Sharti moja: mdomo niufunge, nisijigambe popote, mpaka Aflah ashuke mlimani salama. Nikaapa, mguu umevimba hivi. Kesho riale thelathini kamili zinakwenda Beirut na msafiri.

Alhamisi, 31 Desemba

Msafiri kaleta barua! Aflah kaanguka siku nzima, lakini mara moja kateleza wima mpaka chini, wenzake wakampigia makofi. Yu mzima, alhamdulillahi. Nikakimbia kwa Kheiria, tukakumbatiana tukilia. Kanisifu kwa kuufunga mdomo. Na kweli sikusema kitu, ila kwenye arusi ya watu Jumapili, tena kwa upande mmoja tu wa ukumbi.

Mwisho wa barua anasema wenzake sasa wanazungumzia kupanda farasi. Hajaomba. Mtoto ana haya, hakurithi kwangu. Wanawake wa mtaani nishawaambia farasi keshanunuliwa, mweupe. Jioni nimepita kwa fundi Thani, kumuuliza kama tandiko la mbao hukalika.