Firigisi ya Daktari Phanuel

Jumatatu, 3 Februari 2025

Shahada ya uzamili ya kuhudumia wanafunzi wa vyuo inakaribia ukingoni. Yamebaki mafunzo ya vitendo. Daktari Phanuel, mkuu wa wanafunzi na mwalimu wetu, ametangaza kwamba ofisini mwake nafasi ni moja. Wengine tutatawanywa mabwenini na jikoni. Ofisi ile ina mlango, na mlangoni huandikwa jina. Tangu tufukuzwe shambani Lugari sijawa na mlango wangu mwenyewe. Lazima niipate!

Mpinzani ni Chepng'etich. Rika la kitinda mimba wangu. Huniita Mzee Masinde na kunibebea vitabu. Mbinu chafu.

Jumanne, 4 Februari

Tunafundishwa kutuliza migogoro. Mgogoro haupo. Basi nitauanzisha, kisha niutulize mbele ya Daktari. Nimepita bwaloni nikawaambia wanafunzi kwamba obusuma ya zamani, ugali hasa, ilimshibisha mtu hadi kesho yake. Hii yao ni ya kulishia vifaranga. Eugene, kiongozi wao, aliafiki kwa sauti kubwa. Safi!

Alhamisi, 6 Februari

Mgomo! Sahani zikagongwa kama ngoma. Daktari akatoka mbio. Nikapanda kwenye benchi, nikainua mkono, nikaanza na historia ya mahindi. Kabla sijafika Uhuru wakapiga miluzi. Eugene akauliza, kwa heshima zote, kama si mimi babu niliyesema wanalishwa kama vifaranga. Daktari akanitazama. Nikatazama paa.

Chepng'etich akaingia jikoni, akatoka na mpishi, wakaketi na wanafunzi wakala chakula kilekile. Wakaelewana chai ikiwa bado moto. Makofi! Na hata benchi hakupanda. Msichana hana utaratibu.

Ijumaa, 7 Februari

Mke wangu Teresa amecheka hadi akashika ukuta. Anasema mtu mzima hachomi nyumba ili asifiwe kwa kuleta maji. Nina jambo kubwa zaidi: nimemwalika Daktari kwa chakula Jumapili. Atachinjwa jogoo wetu, mjukuu wa mjukuu wa kuku tuliotoroka nao Lugari. Kwetu firigisi ni ya mtu mmoja tu, mkubwa wa meza. Daktari ni Mluhya kama mimi. Akiiona kwenye sahani yake, hotuba ya nini? Chepng'etich katoka Nandi. Haya atayajua wapi?

Jioni: Teresa amemwalika Chepng'etich pia. Ati ni mtoto mwenye adabu. Usaliti!

Jumapili, 9 Februari

Ingokho, yaani jogoo wetu, ilinukia mtaa mzima wa Lurambi. Teresa akaweka bakuli mezani, Daktari akaombea chakula. Sala ndefu. Nikafumba macho na harufu ikanirudisha Lugari: moshi wa magunzi, mama akipakua, mvua ikianza. Mkono ukaenda wenyewe. Katika meza yangu firigisi imekuwa yangu miaka yote. Amina ilinikuta nikitafuna.

Daktari akakoroga mchuzi polepole, kama anayetafuta ufunguo kisimani. Akasema si neno, hata kwao wazee hutangulia. Lakini kijiko hakikuacha kutafuta. Chepng'etich akampakulia paja, akamwuliza kama mama yake ametoka hospitali. Mimi sikujua hata kama ana mama.

Jumatatu, 10 Februari

Ofisi kapewa Chepng'etich. Mimi jikoni, kupokea malalamiko ya obusuma. Meza yangu iko ukumbini nje ya jikoni, kwenye upepo. Mlango hakuna. Chepng'etich alikuja kunipa pole, akaniletea kiti. Eugene alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Akasema vifaranga wamefika, babu.

Nimeketi nikajitathmini kwa makini, kama tulivyofundishwa. Kosa nimeliona. Jogoo alikuwa mmoja! Mafunzo yakiisha nitamwalika Daktari tena, na nitachinja wawili. Firigisi mbili.

Teresa anauliza ya kwanza itakuwa ya nani. Swali gani hilo? Meza ni yangu.